Sekunde Tisa za Geradi

1

Aliyegundua kwanza ni Bi Anastela Mwanisawa, mama ambaye hajawahi kuhariri hata picha ya ubatizo.

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu," alisema. "Hapo. Kabla ya tope."

Skolastika Sikazwe akarudisha. Pete ya mapigo ilikuwa kidoleni mwake tangu saa mbili asubuhi, nyembamba, rangi ya shaba, ikipwita taratibu kwa kufuata damu yake. Alikunja kidole kidogo tu, na ukutani Bonde la Msunta likajikusanya upya: mashamba ya maharage, wanawake wameinama, na kule juu lango la bwawa ambamo Kampuni ilifungia tope la visima vyake vya gesi ya heli. Kisha tope lenyewe. Katikati hapakuwa na kitu. Lango limefungwa, lango liko wazi, watu kumi na mmoja hawapo.

"Sauti ya Geradi iko wapi?"

Kipande kile, namba ishirini na saba katika mradi mzima, kilitoka kwenye kamera ya Geradi, mtoto wa mwisho wa Bi Anastela, fundi baiskeli aliyekufa na miaka ishirini na tisa. Waliifukua siku ya tatu, vidole vyake vingali vimeikamata. Mama yake aliileta hapa, kwenye ushirika wa wahariri, ndani ya sufuria yenye mfuniko, maana hakutaka iguswe hata na upepo. Na ni Skola, kwa kinywa chake mwenyewe, aliyemwambia: Mama, tukiiingiza Ghalani kamera itafutwa, ndiyo sheria, picha haiwezi kuwa na nyumba mbili. Lakini humo haitapotea. Mama akamtazama, akasema: Ukiniambia wewe, basi.

"Alikuwa anamwita injinia," Bi Anastela aliendelea, kidole chake kikiuelekea ukuta. "'Injinia, watu wako chini! Injinia, funga!' Nimeisikia hapahapa, kwenye kiti hikihiki, mwaka jana kabla ya kupanda. Ulinirudishia mara nne. Au nimeanza kuzeeka kichwa, Skola?"

"Kichwa chako kizima, mama."

"Basi?"

"Mashine imekwama mahali. Nitaitazama. Nenda kwa Paskalia jikoni akupe uji wa ulezi, baridi ya leo si ya kukaa bila kitu tumboni."

Mama akaondoka akiburuza kandambili. Alipofika mlangoni akageuka. "Baraza ni Alhamisi," alisema, kana kwamba kuna mtu katika wilaya nzima aliyekuwa amesahau.

Watu husahau upesi, na wanaowasahaulisha hulitegemea hilo. Wengi hawakumbuki tena Mwaka wa Nyuso, pale kila mwenye simu alipoweza kumvika mtu yeyote sura yoyote. Waliochoma maghala ya mahindi walionekana kwenye picha wakiwa kanisani, na wasiochoma walionekana na viberiti mkononi. Ikafika mahali mtu akionyeshwa picha ya mazishi ya mama yake anauliza imetengenezwa wapi. Ndipo likajengwa Ghala. Hifadhi moja kwa nchi nzima: kila ukuta wa shule, kila simu, kila mahakama inachota picha humohumo, moja kwa moja, na nakala ya nje haina nguvu kuliko jani lililodondoka. Neno la mdomo nalo likaporomoka thamani. Ukisema uliona, utaulizwa iko mradi gani.

Lakini chungu kimoja cha wote kina hatari yake. Ukikata Ghalani asubuhi, jioni nchi nzima inatazama kilichokatwa na kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kwa hiyo kila mradi ukapewa kufuli moja, na kufuli likapewa mkono mmoja. Mwenye pete anahariri. Wengine wote wanatazama tu.

Skola akaifungua historia ya mradi. Kipande ishirini na saba. Kimekatwa sekunde tisa. Jumanne ya wiki iliyopita, saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Mkono: Skolastika Sikazwe. Mapigo: yamethibitishwa.

Alisoma mstari ule mpaka herufi zikaanza kuogelea.

Jumanne saa saba alikuwa anakula kande. Aliikumbuka kande yenyewe, ilivyokuwa imezidi chumvi, na Paskalia alivyoapa kwamba chumvi ilimwagika yenyewe. Na aliikumbuka pete ilikokuwa.

Maana kulikuwa na jambo ambalo watu wa ushirika ule hawakuwahi kulisema nje. Mradi mkubwa kama wa Msunta, kamera arobaini na moja za wanakijiji, Ghala lilihitaji karibu saa nzima kuuhakiki kila unapofunguliwa. Ukienda kula, ufunge. Ukirudi, ungoje saa. Ukienda chooni, vivyo hivyo. Sheria hiyo ilitungwa na watu wanaoletewa chai mezani. Mwaka wa kwanza tu Skola na Fridolini Kapele waligundua, wakicheka kama wezi wa mbuzi, kwamba pete huipima damu ya mwenyewe wakati wa kufungua peke yake. Baada ya hapo inadai mapigo tu, yawe ya nani. Ikihama kidole ndani ya pumzi tatu, haisemi kitu.

Basi anayetoka alikuwa akimpa mwenzake mkono kama wanaosalimiana, na pete ikateleza kutoka kidole hadi kidole. Wakauita mchezo ule kushikana mkono. Wahariri kumi na wanne, miaka tisa. Mgeni alifundishwa siku ileile aliyoonyeshwa choo kilipo. Aliyekataa aliitwa mchoyo.

"Nenda ule, dada," Fridolini alikuwa amesema Jumanne ile. "Nakushika mkono."

2

Alimkuta juu ya paa, anafuta paneli za jua kwa kitambaa chenye maji. Upepo wa Ufipa ulikuwa unapuliza, ule wa mwezi wa saba, unaoingia kwenye mifupa bila kubisha hodi.

Watu hawa wawili hakuna chuo kilichowataka. Walijifunzia kuhariri nyuma ya kinyozi, kwenye kompyuta isiyo na kifuniko, mmoja akikata picha na mwingine akiipepea isichemke. Walilala rumande pamoja wiki mbili kwa kupiga picha ya askari akivunja banda la mjane, wakila sahani moja, na Fridolini ndiye aliyekuwa anamwachia Skola kipande cha mwisho cha samaki. Haya ni mambo ambayo mtu hawezi kuyafuta. Skola alikuwa nayo yote kichwani alipopanda ngazi ile, na ndiyo yaliyomfanya apande polepole.

"Umepanda na baridi hii bila sweta?" Fridolini aliuliza bila kugeuka.

"Jumanne iliyopita. Saa saba na dakika kumi na mbili."

Kitambaa kiliendelea kuzunguka juu ya paneli iliyokwisha kutakata.

Alikuwa amepanda na tumaini moja dogo: kwamba Fridolini atamuuliza, kuna nini Jumanne? Kwamba atashangaa. Hata akishangaa kwa uongo, angempa muda wa kupumua.

"Ni sekunde tisa tu, Skola," alisema Fridolini.

Skola akakaa juu ya tofali.

"Niambie," alisema. "Nataka nisikie ukiyapanga kwa mdomo."

"Kuna kiti cha Mlinzi wa Ghala. Kanda nzima, dada. Anayekikalia ndiye anayeamua mradi gani unaingia, upi unangoja, nani anapewa pete. Miaka yote tumepiga magoti mbele ya mtu wa kiti kile. Sasa kiko wazi, na Kampuni ina sauti kwenye uteuzi, unajua mwenyewe. Waliniita. Sikupewa kitu, sikuchukua kitu, hii hapa mikono. Walisema neno moja: Injinia Malocha asionekane pale langoni, na wao hawatanipinga."

"Na ukaitikia."

"Nilifikiri mwezi mzima!"

"Mwezi mzima ulikuwa unakula na mimi."

"Bonde moja, Skola. Watu kumi na mmoja ambao hawafufuki hata tukifanyaje. Nikikaa pale nitayalinda mabonde mia."

"Wote husema hivyo. Sijawahi kumsikia hata mmoja anayeuza mabonde mia ili aokoe moja."

Fridolini akakamua kitambaa. Maji machafu yakatiririka kwenye bati. "Wewe umezoea kushindwa," alisema, si kwa hasira, kama daktari. "Umeshindwa vizuri kiasi kwamba unaona kushinda ni dhambi."

"Kwa nini pete yangu?"

Fridolini akakikunjua kitambaa, akaanza kukitandika juu ya paneli.

"Ungesubiri zamu yako," Skola alisema. "Ungekata kwa mkono wako, tukajua mwizi ni nani."

"Mlinzi hatakiwi kuwa na doa kwenye historia yake. Wanaikagua yote, mkato kwa mkato. Wewe hugombei kitu. Hujawahi kutaka kitu, ndiyo sifa yako, watu wote wanakusifia hilo."

"Kwa hiyo kwa kuwa sitaki kitu, nipewe aibu."

"Hakuna aibu kama hakuna anayesema. Ni picha iliyokwama. Mvua ilivunja lango, kesi imekwisha, maisha yanaendelea."

"Nitasema."

"Utasema nini?" Sasa aligeuka. Uso ulikuwa uleule, na hilo ndilo lililomtisha Skola zaidi: hakuna kilichobadilika pale. "Utasema haikuwa damu yako? Watauliza, pete ilifikaje kwangu. Utawaambia tulikuwa tunashikana mkono. Watauliza, tangu lini. Miradi mia tatu na kumi na miwili, Skola. Yote imepita kwenye vidole hivyohivyo. Yote batili kwa siku moja. Kisima cha Kalumbi kinarudi kwa Kampuni. Shule ya Mpanzi inabomolewa. Wale wajane saba wa Itindi wanaolala leo kwenye viwanja vyao, wanafungasha. Nenda kawaambie wewe, kwamba wanahama kwa sababu ulitaka kujisafisha jina."

Ilikuwa kweli, kila neno. Msaliti wa kawaida hudanganya, na uongo wake unamfanya mtu amchukie kwa raha. Huyu alikuwa anasema kweli, na kila ukweli aliousema ulikuwa jiwe moja zaidi kwenye ukuta aliomjengea.

"Kuna kurudisha," Skola alisema taratibu.

Fridolini akacheka. Kicheko kifupi, cha ndugu kwa ndugu. "Sheria unaijua kunishinda. Mkono uliokata ndio unaorudisha, mbele ya Baraza, kwa kutaja sababu. Ukirudisha umekiri. Ukikiri, Ghala linakufungia mpaka unaingia kaburini. Hutagusa wala hutatazama. Kila ukuta utakaousogelea utazima. Wajukuu watakuwa wanaangalia harusi, wewe wanakutoa nje kwanza. Uishi hivyo wewe? Wewe, Skola?"

"Kwa hiyo ulichagua mkono ambao hautasema."

"Nilichagua mkono ninaouamini," alisema, na alimaanisha.

Neno lile ndilo lililomchoma. Angeweza kuvumilia kuibiwa na mtu aliyemdharau. Lakini huyu alikuwa ameuchunguza wema wake kwa miaka yote hiyo, akaupima urefu na upana, akauona unatosha kujificha nyuma yake.

Alisimama. "Una kesho na keshokutwa za kusema umekosea."

"Shuka, dada. Utaumwa kifua."

3

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wa Msunta walikaa kushoto, wanawake wengi, watoto migongoni. Kulia walikaa watu wa Kampuni, na kati yao Injinia Malocha, mtu mnene mwenye miwani, anayepangusa shingo ingawa hapakuwa na joto. Wahariri wa ushirika walikuwa safu ya pili. Fridolini alikuwa mbele, kavaa tai. Alikuwa hajasema amekosea, si Jumanne, si Jumatano. Jumatano alikuwa amemletea Skola chungwa.

Mwenyekiti wa Baraza, mama mmoja mkavu aitwaye Rustika Sangu, aliamuru mradi ufunguliwe. Skola akaivaa pete mbele ya karani, ikaonja damu yake, na baada ya uhakiki wa saa nzima, uliojaa vikohozi na vilio vya watoto, Bonde la Msunta likasimama ukutani. Wakati huohuo lilisimama kwenye kuta zote za nchi, maana siku ya Baraza shule hufunguliwa zitazame.

"Mvua, Mheshimiwa," wakili wa Kampuni alisema kipande ishirini na saba kilipokwisha. "Mmeona wenyewe. Lango limefungwa, lango limevunjika. Hakuna mkono wa mtu. Tunawapa pole wafiwa."

Bi Anastela alikuwa anamtazama Skola. Hakuwa na wasiwasi. Aliambiwa mashine imekwama, na mashine hutengenezwa.

Skola akamtafuta Fridolini kwa macho. Fridolini akaitikia kwa kichwa kidogo, kama unavyomwitikia mtoto anayetulia vizuri misani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Skola alisema. "Kipande hicho kina mkato. Naomba kuurudisha."

Karani akainua kalamu.

"Mkato wa nani?" aliuliza Rustika Sangu.

Jina lilikuwa ulimini tayari, lina uzito wake na ladha yake. Fridolini Kapele. Alikuwa amelitamka maelfu ya mara maishani, kwa furaha mara nyingi. Angelitamka mara moja tu zaidi, na kiti kile kingevunjika kabla hakijakaliwa. Aliwaona wajane wa Itindi, saba, wamejipanga nyuma ya jina hilo na magodoro vichwani. Maisha yake yote alikuwa akihubiri kwamba uongo usiingie Ghalani, hata mdogo, hata wenye nia njema. Alikuwa amewafukuza watu wawili kwa sababu hiyo.

"Wangu," alisema.

Kelele zililipuka upande wa kushoto. Mwenyekiti akagonga meza mara tatu. "Ghala halirudishi bila sababu. Itaje."

"Niliogopa Kampuni."

Kidoleni pete ilikuwa inapwita haraka, haraka kuliko siku zote za kazi yake. Ghala likayasoma mapigo yale, likayapima, kisha likaandika ukutani kwa herufi za kijani: Hofu. Imethibitishwa. Waliolitengeneza hawakuwahi kulifundisha kuitofautisha hofu na hasira; labda kwao zilifanana.

Kisha sekunde tisa zikarudi.

Malocha alikuwa pale, juu ya lango, na kofia ya njano, mikono yote miwili kwenye usukani wa chuma. Sauti ikapasuka kutoka bondeni, ya kijana anayekimbia na kupiga picha kwa wakati mmoja: "Injinia, watu wako chini! Injinia, funga!" Malocha akageuka. Akatazama chini. Akawaona; hakuna aliyekuwa ukumbini mle ambaye angeweza kusema hakuwaona. Akaiangalia simu yake. Akaendelea kuzungusha.

Wakili wa Kampuni alikaa bila kuambiwa. Injinia akavua miwani, akabaki ameishika kama kitu asichokijua kazi yake. Na wanawake wa Msunta walisimama wote kwa pamoja bila mtu kuwaongoza, na kilio chao kilikuwa cha miaka mitatu.

Hukumu haikuchukua muda. Malocha akatiwa pingu palepale. Bonde likaamriwa kurudi kwa wenyewe. Kisha karani akamwita Skolastika Sikazwe, akamvua pete kwa koleo dogo kama anayemtoa mtu kupe, na akasoma jina lake kwa sauti mbele ya nchi nzima, kwamba mkono huu ulificha ushahidi wa vifo vya watu kumi na mmoja. Skola aligeuka autazame ukuta kwa mara ya mwisho. Ulikuwa umeshakuwa wa kijivu.

Nje, wahariri wenzake kumi na wawili walikuwa wamejibanza kwenye ukuta. Walijua vizuri pete inavyosafiri, na kila mmoja angeweza kuhesabu nani alikuwa karibu Jumanne ile saa ya kande. Paskalia, aliyekuja kuwapikia hata siku ya Baraza, alimtazama, kisha akainama akaanza kutafuta kitu kwenye kikapu. Hakuna aliyesema.

Bi Anastela alikuja mwenyewe. Umati ulimpisha.

"Miaka mitatu umekula ugali kwangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Jumatatu nilikuuliza. Nilikuuliza sauti yake iko wapi. Ukaniambia mashine."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe ni wewe uliyemziba mdomo mwanangu. Halafu ukanituma nikanywe uji." Hakupandisha sauti. "Mara ya kwanza walimuua na tope. Wewe ulimuua kwa kidole, umekaa kitini, umeshiba. Ulikuwa unalala, Skola? Ulikuwa unalalaje?"

Lilikuwako jibu, lakini lingewafuata wajane saba mpaka mlangoni kwao. Skola alisimama tu. Kofi likamkuta hivyohivyo. Mtu nyuma akarusha donge la udongo, likampata begani; mwingine akaokota la kwake.

"Mwacheni! Mwacheni, jamani!"

Fridolini alipenya katikati ya watu, tai imepinda, mikono ameinyoosha. Alisimama mbele ya Skola akamkinga na kifua chake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa machozi ya kweli, Skola aliyafahamu.

"Huyu ni dada yangu," aliwaambia. "Amekosa, ndiyo. Aliogopa. Nani hapa hajawahi kuogopa? Lakini mwisho amesimama akasema. Tumwachieni Mungu wake. Mimi nimemsamehe, na ninyi nawaomba, msameheni."

Mikono ilishuka mmoja mmoja. Donge likaanguka. Mzee mmoja wa Msunta, kofia kifuani, alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Kijana mwenye moyo wa namna hii," alisema, "ndiye wa kukabidhiwa Ghala."

"Kweli kabisa," watu wakaitikia, na Bi Anastela akaitikia pamoja nao.